Masika ya Kuingoja Siku

Jumapili, Machi 2

Mvua ya kwanza ilinyesha jana, na leo baada ya ibada tumepanda shamba lote la marehemu baba: mimi, mdogo wangu wa kiume na mkewe, wifi yangu. Wifi tulimkataza kuinama, basi akakalia gunia la mbegu akituamuru kama nyapara. "Hapo umeruka, wifi! Na hilo shimo lina njaa!" Mimba yake ina miezi mitano na ushee. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya kufika hapo, ndiyo maana nikimwona anacheka namshukuru Mungu na papo hapo naogopa. Ukunga umeniharibu. Nimezalisha nusu ya mji huu, lakini siwezi kuifurahia mimba mpaka nisikie mtoto analia.

Kanisani Mchungaji alihubiri juu ya kuhesabiwa haki, nami nikasinzia. Watoto wamempa jina la Sura-na-Mstari, maana ukimwambia hata "Mungu ni mwema" atakuuliza imeandikwa wapi. Baada yake alisimama yule tunayemwita Dereva, akashuhudia jinsi lori lake lilivyotumbukia mtoni na yeye akatoka mzima, na jinsi tangu siku ile hajagusa usukani, anasoma Maandiko tu. Hapo sikusinzia.

Jumatano, Machi 5

Mvua. Zahanati wamezaliwa wawili, wa kike wote. Nguo hazikauki.

Jumanne, Machi 11

Mdogo wangu ni fundi mwashi, kwa hiyo nyumba yetu ndiyo mbovu kuliko zote mtaani. Maji yalikuwa yananidondokea kitandani wiki nzima. Leo Dereva amekuja na ngazi begani bila kuitwa, akapanda juu na mvua ile ile, akaziba. Alishuka amelowa chapachapa. Nikamuuliza koti lake liko wapi, akasema amempa mlinzi wa kituo cha mafuta, kwani yeye hukesha nje. Chai alikataa, akasema kuna mjane mwingine anayevujiwa.

"Mtu huyu ana moyo," nilimwambia wifi.

"Tena ana maneno," wifi akasema. "Ijumaa ya wiki ijayo anakuja kutufundisha hapa."

Ijumaa, Machi 21

Sebule ilijaa hadi watu wakakaa kwenye kizingiti. Dereva alifundisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwao. Alichukua miaka ya wafalme, akaijumlisha na miezi ya maono, akatoa hiki, akazidisha kile. Mimi hesabu zangu ni za mimba tu, nikapotea njiani. Lakini mwisho niliuelewa. Bwana anarudi mwaka huu, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita.

Mdogo wangu alikuwa analia. Wifi alijishika tumbo. Mimi nikahesabu kama ninavyohesabu kila siku: mtoto wake anatarajiwa katikati ya mwezi huo huo. Siku itakuwa imeshapita.

Jumapili, Machi 30

Leo Mchungaji amemsimamisha Dereva mbele ya watu.

"Ndugu yangu, Bwana mwenyewe alisema siku ile haijui mtu, wala malaika mbinguni. Wewe umeipata kwa nani?"

Dereva alijibu kwa upole. "Mchungaji, Bwana alituamuru tukeshe. Mtu atakeshaje kama hajui anangoja lini?"

"Anakesha kwa sababu hajui!" Mchungaji akapiga mimbari kofi. "Mwenye nyumba angejua mwizi anakuja alfajiri, si angelala fofofo mpaka alfajiri? Hayo unayofundisha ni sumu, na anayeyashika asije kwenye Meza ya Bwana!"

Watu wakaguna. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayegombana na jirani juu ya mpaka. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Akamshika wifi mkono, wakatoka, na robo ya kanisa ikawafuata. Mimi nilibaki kwa mazoea, ila moyo wangu ulitoka nao. Mtu anampenda Bwana, anaziba mapaa ya wajane, anasali. Akimngoja Jumapili fulani badala ya nyingine, inamdhuru nani? Mafundisho, mafundisho! Mtoto haulizwi katekisimu ndipo azaliwe.

Jumamosi, Aprili 12

Mahindi yamefika magotini, na magugu vilevile. Nilimwita mdogo wangu tukapalilie.

"Dada, nani atavuna?"

"Mimi nitavuna, na wewe utakula."

"Hatutakula mahindi haya," akasema kwa utamu, kama anayembembeleza mtoto alale.

Kumbe hata kazi ameacha. Ukuta wa nyumba ya fundi cherehani ameuachia usawa wa madirisha. Mke wa huyo fundi cherehani alikuja mlangoni kwetu, akatutolea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mdogo wangu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia atubu.

Jumatatu, Aprili 14

Nimepalilia kabla ya zamu. Mgongo.

Jumanne, Aprili 15

Nimepalilia.

Alhamisi, Aprili 17

Mvua kutwa. Sikupalilia. Leo magugu ndiyo yaliyopalilia mahindi.

Jumatano, Aprili 23

Nimekata vitambaa vya mtoto, vyeupe laini, nikampelekea wifi chumbani. Hakuvigusa.

"Virudishe, wifi yangu."

"Hujapenda rangi?"

"Hatutavihitaji."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia mimi si mumewe, anieleze kwa maneno ya kawaida.

"Dereva alisoma juzi. Imeandikwa ole wao wenye mimba siku zile."

"Alisema ni wewe?"

"Hakusema. Alinitazama akanionea huruma. Ingekuwa afadhali angenikaripia." Akavuta pumzi. "Wifi, nimeomba mtoto tangu niolewe. Je, kama niliomba kitu kitakachonizuia? Wenzangu watanyakuliwa wepesi, wewe unaona, mimi nibaki chini kwa sababu ya uzito?"

Mimi nimeulizwa na wanawake kila swali lililo chini ya jua. Nimeulizwa kama mtoto anaweza kuzama tumboni mama akioga mtoni. Majibu ninayo. Leo nikasema tu, "Mungu ni mwema."

"Najua ni mwema," wifi akasema. "Lakini ole maana yake nini?"

Sikujua. Nimekaa kanisani tangu nabebwa mgongoni, na sikujua.

Alhamisi, Aprili 24

Nimekwenda kwa Dereva. Anakaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Unga umetanda hata kwenye mto wake. Alinipisha kiti, yeye akakalia ndoo. Nilimweleza hali ya wifi, akaanza kulia, machozi ya kweli.

"Mama mkunga, ningeweza kulibeba tumbo lile mimi, ningelibeba."

"Huna haja ya kulibeba. Mwambie tu yale maneno hayamhusu."

"Siwezi kufuta kilichoandikwa."

"Sikwambii ufute. Eleza."

"Mimi sikusomea kueleza. Naamini kama kilivyo."

"Na kama kilivyo sivyo ulivyokielewa?"

Akanitazama kwa mshangao wa dhati, kama nimemuuliza kama maji yana mifupa. Nilitoka pale nimeshindwa kumchukia. Angekuwa tapeli, angeomba hata senti, tungemfukuza zamani. Hataki kitu. Anataka twende mbinguni sote. Hilo ndilo linalonitisha sasa: kwamba mtu anaweza kukupenda kwa moyo wake wote na kukupeleka shimoni.

Ijumaa, Aprili 25

Nimekwenda kwa Mchungaji. Alikuwa anashona mwavuli wake kwa uzi wa viatu. Nikamuuliza juu ya ole. Aliweka sindano chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuhubiri.

"Bwana alikuwa anautazama mji utakaozingirwa na majeshi," akasema. "Aliwaambia watu wake wakimbie. Kisha akawakumbuka wanawake, akajua mjamzito hawezi kukimbia milimani. Akawalilia. Ole ile ni ya mtu anayehurumia, si ya hakimu. Hakuna mahali popote aliposema mimba itamzuia mtu asiwe wake. Popote."

Nilihisi kama nimetuliwa mzigo kichwani. Nikamwambia, "Basi twende ukamwambie hivyo hivyo."

Akashika tena mwavuli. "Walitoka wenyewe. Mlango wa kanisa uko wazi."

"Mjamzito ndiye akufuate wewe kwenye matope?"

"Kuna utaratibu, dada. Wakitubu, nitawapokea."

Sikumaliza chai yake. Njiani nilikuwa nasema peke yangu kama mwehu. Yule ana upendo hana ukweli, na huyu ana ukweli ameufungia kabatini.

Jioni nilimweleza wifi mwenyewe, lakini maneno yalitoka vipande vipande. Alinisikiliza kwa kiu. Halafu mdogo wangu akaingia, akauliza nimeyatoa wapi, nikasema kwa Mchungaji. "Dada, nakuheshimu," akasema. "Lakini usituletee mafundisho ya mlango wa nyuma." Wifi akainamisha uso.

Jumapili, Mei 4

Nimepalilia upande wa mtoni. Upande wa barabarani nimeukatia tamaa.

Jumapili, Mei 11

Miguu ya wifi imevimba. Nikibonyeza, kidole kinaacha shimo. Presha imepanda.

Jumatano, Mei 14

Imepanda zaidi, na mkojo wake umeonyesha kile nilichokuwa nakiogopa. Daktari wa zahanati amesema alazwe hospitali kubwa. Kifafa cha mimba hakibishi hodi.

Wifi amekataa. Si mdogo wangu aliyekataa, ni yeye. "Imeandikwa aliye juu ya dari asishuke," akaniambia. "Bwana akinikuta hospitali atajua nilishuka."

Nikakimbia hadi kwa Dereva. Akashtuka. "Mimi sijamkataza mtu dawa! Aende, aende hata leo!" Akafuatana nami, akamsihi kwa mikono miwili. Wifi akamjibu kwa heshima, "Ndugu, unanijaribu. Wewe mwenyewe ulitufundisha." Dereva akamsihi tena, bure. Fundisho lilikuwa limeshatoka mkononi mwake, linatembea kwa miguu yake.

Jumapili, Mei 18

Vilevile.

Alhamisi, Mei 22

Vilevile. Anasema kichwa kinamgonga. Nimemwomba, nimegomba, nimelia. Mwisho nikamwambia nitamkokota. Akacheka kidogo, akasema, "Kwa mgongo upi, wifi?"

Jumapili, Mei 25

Wamehamia kwenye ghala la zamani la mbolea, nje ya mji, wangoje wakiwa pamoja. Wamefagia, wametandika mikeka. Dereva ametangaza kwamba wajawazito, wazee na watoto wasifunge chakula. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, naye akanipokonya hata hilo.

Kila siku nabeba kipimo changu cha presha nakwenda huko. Wananipisha kwa adabu. Wananiita mama. Wananiombea.

Jumanne, Juni 3

Naandika ya Jumapili. Jana mkono ulikataa.

Jumapili kulipambazuka jua. Baada ya majuma yote yale ya mvua, jua. Walipoliona wakaanza kupiga vigelegele. Nilikuwa nimeomba mwenzangu anishikie zamu, nikakaa kando ya wifi, ukutani. Watu walikuwa wamevaa nguo zilizofuliwa na kupigwa pasi, na wengine walikuwa wamesuka nywele. Waliimba asubuhi yote. Kila gari lilipopita barabarani nyimbo zilikatika, wakasikiliza, kisha wakaanza upya. Mdogo wangu alikuwa mbele, uso umeinuliwa, mwembamba kama fito.

Mchana wifi akanishika mkono. "Wifi, naona nyota."

Mimi nilijua nyota hizo. Lakini mama mmoja aliyekuwa karibu alimsikia, akapiga kelele: "Anaona! Ameanza kuona!"

Na hapo hapo kifafa kikamshika.

Nataka niandike sawasawa, bila kupunguza. Mwili wake ulikakamaa, ukaanza kurukaruka juu ya mkeka, povu likamtoka, macho yakageuka. Na wao wakanyanyua mikono, wakaimba kwa nguvu zaidi. "Ameguswa! Wa kwanza! Wa kwanza!" Mdogo wangu alipiga magoti miguuni pa mkewe, akamshukuru Mungu huku machozi ya furaha yakimtiririka. Nilimgeuza wifi ubavu peke yangu. Nilipiga kelele kwamba hiki ni kifafa cha mimba, anakufa, nisaidieni. Sauti yangu ilikuwa kama jiwe kwenye mto uliofurika. Hakuna aliyesikia.

Dereva ndiye aliyesikia. Alikuja akiwakanyaga watu, akamtazama wifi usoni, kisha akawageukia. "Nyamazeni! Mwanamke anakufa!"

Hawakunyamaza.

"Nyamazeni, nawaambia! Huyu si Roho, huu ni ugonjwa!"

Waliimba. Wengine walifumba macho wasimwone. Yeye aliyewafundisha, hawakumsikia.

Mlangoni alikuwa amesimama Mchungaji, viatu vimejaa matope. Baadaye mwenye duka la jirani aliniambia alikuwa pale nje tangu asubuhi, anakwenda na kurudi, hajui aingie au asiingie. Aliingia sasa. Hakutaja sura wala mstari. Alishika miguu, Dereva akashika mabega, mimi nikashika kichwa, tukamtoa. Mdogo wangu alinivuta gauni: "Dada, msimshushe! Msimshushe!" Nikamsukuma kifuani. Sijawahi kumsukuma hata utotoni.

Mchungaji ana gari bovu, na yeye haoni vizuri. Funguo zikamwanguka mara mbili. Dereva akaziokota, akaingia upande wa usukani. Aliendesha akilia. Nyuma, wifi alishikwa tena, kichwa chake mapajani mwangu, na Mchungaji alirudia jina la Yesu, hilo tu, bila kuongeza kitu.

Walimpasua mara tulipofika. Wananifahamu pale, wakaniruhusu niingie. Mtoto wa kike. Walinikabidhi mimi. Nimewafanya watoto wengi walie waliokuwa wamekataa kulia. Najua kusugua mgongo, najua kufuta pua, najua kupuliza. Nilifanya yote. Nilifanya tena. Mpaka daktari akaniwekea mkono wake juu ya wangu, akauacha hapo.

Wifi yuko hai. Hajaamka.

Jumatano, Juni 4

Mdogo wangu alikuja leo, na mimi nilidhani amekuja kumlilia mtoto. Aliuliza, "Alikufa saa ngapi?"

"Unataka saa ya nini?"

"Dada, huoni? Ilikuwa Jumapili ile ile. Siku ilitimia! Yeye ndiye limbuko, amechukuliwa kwanza. Sisi tutafuata." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Ndugu wameshaanza kuhesabu upya."

Niliketi kwenye benchi la korido. Nilikuwa nadhani uongo hufa siku yake ikipita. Kumbe uongo huo waweza kulishwa maiti ya mtoto ukanenepa.

Ijumaa, Juni 6

Aliamka jana. Leo ndiyo kasema. Alitazama dari, akatazama dirisha, akapapasa tumbo.

"Nimeachwa?"

"Uko hospitali, wifi yangu."

"Najua. Wenzangu wako wapi? Nimeachwa?"

Nilimwambia juu ya mtoto, kwa kuwa sijui njia nyingine isipokuwa kusema. Hakulia. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyethibitishiwa. "Basi kweli. Ole ilikuwa yangu. Amemkataa na mimi amenikataa."

Nikatoka kumtafuta Mchungaji. Sikuhitaji kwenda mbali, alikuwa kwenye benchi. Alikuja kila siku akakaa pale, akingoja kuitwa.

Aliingia, akavua kofia. "Mwanangu," akasema, "nilikuwa na neno lako tangu mwezi wa nne. Nililiweka nyumbani kwangu. Nisamehe."

Wifi akageuza uso ukutani. "Neno gani?"

Akamweleza. Mji, majeshi, wanawake wasioweza kukimbia, Bwana anayewalilia. Alieleza polepole, akaacha nafasi. Wifi akauliza bila kugeuka, "Imeandikwa wapi?"

Mchungaji akataja sura, akataja mstari. Wifi akasema asome. Akasoma. Akasema asome na yaliyotangulia. Akasoma. Kisha wifi akanyoosha mkono, akakichukua kitabu, akajisomea mwenyewe kwa midomo, na macho yake bado yana ukungu tangu kifafa, akikisogeza karibu na pua.

"Na mtoto wangu?"

Hapo nilishika chuma cha kitanda. Najua watu wangapi wangejaza nafasi ile kwa maneno matamu. Mchungaji akasema, "Hakuwa ishara. Hakuwa hesabu ya mtu. Alikuwa mtoto wako, na amekufa, na ni haki umlilie. Bwana alilia kaburini pa rafiki yake akijua atamfufua. Atawafufua walio wake. Siku gani, sijui. Hakuniambia."

"Na mimi? Nilikataa kuja huku. Nilikosa imani au niliizidisha?"

"Uliiweka kwenye tarehe. Lakini yeye alikushika kabla hujajua tarehe yoyote, na hakukuachia ulipokosea. Hukai mikononi mwake kwa nguvu za vidole vyako."

Ndipo akalia. Nilikuwa nimekingoja kilio kile kama ninavyongoja cha mtoto.

Jumapili, Juni 8

Tumemzika mtoto. Dereva alichimba kaburi peke yake, akakataa msaada. Alikuwa na uvimbe jichoni. Alikuwa amekwenda ghalani jana yake kuwaambia, "Nilikosea, rudini majumbani," nao wakamtoa kwa nguvu. Wanasema ameanguka. Wanasema kila mtume ana msaliti wake. Mdogo wangu ndiye anayewaongoza sasa, na tarehe mpya ni kabla ya mvua zijazo.

"Nilitaka mema," Dereva aliniambia akifuta jembe. "Nakuapia, mama mkunga, nilitaka mema."

"Najua."

"Kwa nini haikutosha?"

Mchungaji alimshika kiwiko, wakaondoka pamoja, mmoja mrefu mmoja mfupi.

Jumamosi, Juni 21

Wifi yuko nyumbani. Macho yamerudi karibu yote. Usiku hapati usingizi. Kila jioni Mchungaji anakuja na kitabu, naye anamuuliza maswali hadi mzee wa watu anatoka jasho. Mimi nakaa pembeni na kikombe changu. Siku hizi sisinzii.

Jumanne, Julai 1

Jua. Mahindi yanakauka. Nguruwe mwitu wameingia upande wa barabarani.

Jumamosi, Julai 12

Tumeanza kuvuna. Upande niliopalilia umetoa mahindi, si mabaya. Upande wa pili ni vibunzi, vyenye punje kama meno ya bibi kizee. Wifi bado ana mshono, nilimwambia akae. Akasema amekaa vya kutosha.

Karibu na adhuhuri mdogo wangu alitokea kwenye njia. Sikumtambua mara moja. Shati linaning'inia kwake kama limeanikwa. Alisimama mwisho wa shamba, hakuingia.

"Mke wangu," akaita. "Nimekuja kukuchukua. Muda umebaki mchache."

Wifi aliendelea kuvunja mahindi.

"Mwanetu ametutangulia. Anatungoja. Utamwambia nini?"

Hapo akasimama. Alishika hindi mkononi, nikadhani atamrushia.

"Mwanetu alikufa kwa sababu niliogopa kitu ambacho Mungu hakusema," akasema. "Hayo ndiyo nitakayomwambia. Njoo ukae nasi. Kuna kazi, kuna chakula. Mchungaji atakuonyesha, mstari kwa mstari, kama alivyonionyesha mimi. Njoo, tafadhali."

Alimngoja. Nami nilimngoja. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mama alipokuwa kazini, alitazama mashina, akatazama magunia, akatikisa kichwa.

"Unavuna, na Bwana yu karibu?"

"Akija, atanikuta hapa."

"Kwenye magugu?"

"Kwenye magugu."

Akageuka, akaenda. Hakuangalia nyuma. Wifi alivunja mahindi mpaka kichwa cha mumewe kilipopotea nyuma ya mteremko. Kisha akakaa chini kati ya mistari, akajifunika uso kwa mikono yenye vumbi.

Nilichukua gunia lake nikaendelea na mstari wake. Shamba lililobaki ni kubwa, na sisi ni wawili.